Tabaruku, Hati na Ukimya: Uhakiki wa Nyaraka za Ufadhili wa Fasihi wa Edward de Vere, Lodi wa Oxford (1550–1604)

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna nyaraka za maisha ya Edward de Vere, Lodi wa 17 wa Oxford, zilivyotumiwa kueleza nafasi yake katika fasihi ya Kiingereza ya zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Nyaraka hizo ni nyingi: barua za mkono wake, hati za malipo za Hazina, mikataba ya pango, taarifa za mahakama na tabaruku za vitabu. Hata hivyo, watafiti waliozitumia wamefikia mahitimisho yanayokinzana. Hoja kuu ya makala ni kwamba mkinzano huo unatokana zaidi na kutotofautisha uzito wa aina mbalimbali za nyaraka kuliko uhaba wake. Inapendekezwa kuwa ufadhili wa fasihi uhesabiwe kuwa umethibitika pale tu ambapo angalau aina mbili za nyaraka, zilizotungwa kwa malengo tofauti, zinakutana katika jambo moja.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili aliyemjua Shakespeare kupitia tafsiri za Mwalimu Julius Nyerere, yaani Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, huenda hajapata kulisikia jina la Edward de Vere. Katika uhakiki wa fasihi ya Kiingereza, hata hivyo, jina hilo limezua mjadala mrefu. Mwaka 1920 J. Thomas Looney alichapisha kitabu kilichodai kuwa Lodi huyu ndiye mwandishi halisi wa tamthilia za Shakespeare. Tangu hapo kila hati inayomhusu imesomwa na kambi mbili: moja ikitafuta dalili za mtunzi aliyejificha, nyingine ikitafuta dalili za kuikanusha ya kwanza.

Makala haya hayakusudii kuurudia mjadala huo. Inatosha kueleza kwamba Lodi wa Oxford alifariki tarehe 24 Juni 1604, ilhali The Tempest inahusishwa na habari za kuvunjika kwa meli ya Sea Venture huko Bermuda mwaka 1609. Tena, Francis Meres, katika kitabu chake cha mwaka 1598, aliwataja Oxford na Shakespeare katika orodha moja ya watunzi bora wa komedia, kila mmoja kwa jina lake. Suala linaloshughulikiwa hapa ni tofauti, nalo limefunikwa na mjadala wa Looney: je, nyaraka zilizopo zinatuambia nini hasa kuhusu Oxford kama mfadhili wa fasihi, na zinanyamaza wapi?

Wasifu mbili ndizo zilizojenga uwanja huu. Ya kwanza ni ya B. M. Ward (1928), ambayo jina lake lenyewe linatangaza kuwa imetungwa kutokana na nyaraka za wakati ule. Ya pili ni ya Alan Nelson (2003), iliyopitia hifadhi za nyaraka kwa upana zaidi. Waandishi wote wawili walizingatia nyaraka. Lakini Ward alitoka na picha ya mwungwana aliyejitolea kwa ajili ya sanaa na taifa, na Nelson akatoka na picha ya mbadhirifu aliyewaumiza waliomzunguka. Pale ambapo rundo lilelile la karatasi linazaa watu wawili wasiofanana, mhakiki anawajibika kuuliza juu ya njia ya usomaji.

2.0 Muktadha wa Maisha na Asili ya Nyaraka

Edward de Vere alizaliwa tarehe 12 Aprili 1550 katika ngome ya Hedingham, jimbo la Essex. Baba yake alifariki mwaka 1562, naye akawa Lodi akiwa na umri wa miaka 12. Kwa sheria ya wakati ule, yatima wa ukoo mkubwa aliyerithi ardhi chini ya taji aliwekwa chini ya ulezi wa kifalme. Oxford alilelewa katika nyumba ya William Cecil, waziri mkuu wa shughuli za Malkia, ambaye baadaye alipewa cheo cha Lodi Burghley. Mwezi Desemba 1571 alimwoa Anne, binti wa mlezi wake.

Mazingira haya yanaeleza kwa nini nyaraka zake zimebaki. Cecil alikuwa mtu wa kuhifadhi kila karatasi. Barua ya kwanza inayojulikana ya Oxford, iliyoandikwa kwa Kifaransa mwaka 1563, ilielekezwa kwake. Barua nyingi zilizofuata zilielekezwa kwake au kwa mwanawe, Robert Cecil. Matokeo yake ni kwamba tunamwona Oxford kupitia dirisha moja, dirisha la mkwewe aliyekuwa pia msimamizi wa fedha na ulezi wake. Mtu anapomwandikia mkwe wa namna hiyo, huandika juu ya madeni, mashamba, maombi ya vyeo na ugomvi wa nyumbani. Haandiki juu ya mashairi. Anayesoma barua hizo na kuhitimisha kuwa Oxford hakuijali fasihi anasahau barua zimeandikwa kwa nani. Na anayedai kuwa ukimya wake juu ya fasihi ni siri iliyofichwa anafanya kosa lilelile kwa upande wa pili.

Aidha, hati rasmi haikosi upande. Mwezi Julai 1567 Oxford, akiwa na umri wa miaka 17, alimchoma kwa upanga mpishi msaidizi aitwaye Thomas Brincknell katika nyumba ya Cecil. Jopo la uchunguzi wa kifo liliamua kwamba marehemu, akiwa amelewa, alijitupa mwenyewe juu ya ncha ya upanga. Kwa uamuzi huo Brincknell alihesabiwa kuwa amejiua, jambo lililomaanisha kuwa mali yake ingetaifishwa na mjane wake kubaki bila kitu. Miaka mingi baadaye Cecil mwenyewe aliandika kuwa alijaribu kulishawishi jopo liseme kuwa Oxford alikuwa akijihami. Hapa hati ipo, imetiwa muhuri na imehifadhiwa, lakini kilichohifadhiwa ni nguvu ya nyumba ya Cecil pamoja na kifo cha Brincknell. Somo hili ni la lazima kabla ya kuingia katika nyaraka za ufadhili.

3.0 Nyaraka Zinazoomba: Tabaruku za Vitabu

Kundi la kwanza la ushahidi ni tabaruku. Vitabu zaidi ya ishirini vilitabarukiwa Oxford wakati wa uhai wake. Mwaka 1564 mjomba wake, Arthur Golding, alimtabarukia tafsiri ya historia za Trogus Pompeius kwa muhtasari wa Justin. Mwaka 1571 akamtabarukia tafsiri ya maelezo ya Calvin juu ya Zaburi. Anthony Munday alimtabarukia The Mirrour of Mutabilitie (1579) na Zelauto (1580), John Lyly alimtabarukia Euphues and His England (1580), Thomas Watson Hekatompathia (1582) na Robert Greene Gwydonius (1584). John Farmer, mwanamuziki, alimtabarukia vitabu viwili vya muziki, cha mwisho kikiwa cha mwaka 1599.

Msomaji wa tasinifu za leo ana hatari ya kulielewa vibaya neno hili. Katika tasinifu zetu, ukurasa wa tabaruku huandikwa kwa wazazi, mwenzi au watoto, na husema asante kwa fadhila zilizokwisha kutendwa. Katika London ya mwaka 1580, tabaruku mara nyingi ilikuwa ombi lililovaa nguo ya shukurani. Mwandishi aliitanguliza ili apate zawadi, ajira au kinga, na hakuwa na uhakika wa kupata chochote. Greene aliwatabarukia vitabu vyake wakubwa wengi tofauti, dalili kuwa alikuwa akigonga mlango baada ya mlango. Spenser, alipotoa The Faerie Queene mwaka 1590, aliweka soneti kwa Oxford miongoni mwa soneti nyingi kwa wakubwa wa baraza. Soneti ya namna hiyo inaonyesha cheo cha Oxford. Haionyeshi kuwa aliwahi kumpa Spenser senti moja.

Kwa hiyo kuhesabu tabaruku na kuitumia idadi yake kama kipimo cha ufadhili, kama ambavyo imefanywa mara kwa mara, ni kuhesabu maombi na kuyaita risiti. Hata hivyo, tabaruku hazilingani zote. Munday alijitambulisha hadharani kuwa mtumishi wa Oxford, dai ambalo asingelichapisha bila ridhaa ya bwana wake. Watson alieleza kuwa Oxford aliusoma muswada wake kabla haujachapishwa, na kwamba usomaji huo ndio uliowafanya wengine waupende. Taarifa za aina hii zina uzito zaidi kwa sababu zinataja tendo mahususi ambalo mhusika, akiwa hai na mwenye madaraka, angeweza kulikanusha.

Zipo pia nyaraka mbili ambamo mfadhili ndiye aliyeshika kalamu. Mwaka 1572 Oxford aliandika waraka wa Kilatini kuitangulia tafsiri ya Bartholomew Clerke ya kitabu cha Castiglione juu ya mwungwana wa baraza la mfalme. Mwaka 1573 aliandika barua na shairi kuitangulia tafsiri ya Thomas Bedingfield ya kitabu cha Cardano juu ya faraja, akieleza kwa nini anakichapisha ingawa mfasiri mwenyewe hakutaka kitoke. Hapa kijana wa miaka 22 au 23 anatumia jina lake kukifikisha kitabu kwa umma. Kwa maoni ya makala haya, nyaraka hizi mbili zina thamani kuliko tabaruku kumi, kwa kuwa zinaonyesha Oxford akitenda.

4.0 Nyaraka Zinazolipa: Hesabu na Mikataba

Kundi la pili ni hati za fedha. Hesabu za miaka ya 1569–1570, alipokuwa bado chini ya ulezi, zinaonyesha malipo kwa mwuza vitabu William Seres kwa ajili ya Biblia ya Geneva iliyopakwa dhahabu, kitabu cha Chaucer na maandishi ya Plutarch kwa Kifaransa, pamoja na vitabu vingine na karatasi. Hati hii ni fupi na kavu, na ndiyo maana inaaminika: karani aliyeiandika hakuwa na sababu ya kumsifu mtu.

Ushahidi wenye uzito zaidi unahusu jukwaa. Mwaka 1580 kundi la waigizaji wa Lodi wa Warwick lilihamia kwa Oxford. Mwezi Juni mwaka huohuo Burghley alikiandikia Chuo Kikuu cha Cambridge kuwaombea waigizaji wa Oxford ruhusa ya kucheza. Chuo kilikataa, kikawapa shilingi 20. Kukataliwa huku kunathibitisha mambo mawili kwa mpigo: kwamba kundi lilikuwapo na lilisafiri, na kwamba jina la bwana wao, hata likisindikizwa na la Burghley, halikufungua kila mlango.

Kisha yanafuata matukio ya 1583 na 1584. Oxford alipata pango la ukumbi wa Blackfriars na akamkabidhi John Lyly. Hesabu za kasri zinaonyesha malipo yaliyopokelewa na Lyly kwa maonyesho ya watumishi wa Oxford mbele ya Malkia mwanzoni mwa mwaka 1584. Mwaka huohuo tamthilia za Lyly, Campaspe na Sapho and Phao, zilichapishwa. Mwenye nyumba, aliyekuwa akigombania jengo lake, alilirejesha mikononi mwake mwaka 1584 na mradi ukakoma.

Hapa ndipo kigezo kilichopendekezwa kinapofanya kazi. Tabaruku ya 1580 inasema Lyly alimtegemea Oxford. Mkataba wa pango, ulioandikwa kwa ajili ya haki ya jengo, unasema Oxford alimpa mahali pa kazi. Hesabu za kasri, zilizoandikwa ili fedha za Malkia zisipotee, zinasema kazi ilifanyika na kulipwa. Karani wa kasri hakukusudia kumsaidia mwanasheria wa mwenye nyumba, wala hakuna kati yao aliyejali sifa za kitabu cha Lyly. Nyaraka tatu zenye malengo matatu zinakutana katika jambo moja, na hivyo ufadhili umethibitika. Matokeo yake katika fasihi ni makubwa: nathari ya Lyly ilichangia kuunda mazungumzo ya komedia ya Kiingereza, na Shakespeare alijifunza humo.

5.0 Ruzuku ya Pauni 1,000

Hati iliyozua utata mkubwa kuliko zote ni ile ya tarehe 26 Juni 1586, ambayo kwayo Malkia aliamuru Oxford alipwe pauni 1,000 kila mwaka, kwa mafungu manne, bila kudaiwa maelezo ya matumizi yake. Malipo hayo yaliendelea hadi kifo chake, Mfalme James akiwa ameyaidhinisha baada ya kurithi kiti mwaka 1603.

Ward aliihusisha ruzuku hii na jukwaa. Kwa maoni yake, Malkia aliyejulikana kwa ubahili asingetoa fedha nyingi namna hiyo bila kupata huduma, na huduma hiyo ilikuwa tamthilia za kuamsha uzalendo wakati vita na Hispania vikikaribia. Hoja hii inavutia. Hata hivyo, hati yenyewe haitaji tamthilia, waigizaji wala watunzi. Kifungu cha kutodaiwa maelezo, kinachochukuliwa kama dalili ya siri, kinaweza kusomwa pia kama njia ya kumsitiri mkubwa aliyefilisika: msaada kwa mhitaji hauna mahesabu ya kutolea.

Tukitumia kigezo chetu, tunatafuta hati ya aina nyingine inayokutana na hii. Kwa upande wa tamthilia hakuna inayokutana nayo. Kwa upande wa ufukara zipo kadhaa. Oxford aliuza mashamba mengi ya ukoo katika miaka ya 1570 na 1580. Mwaka 1591 ngome ya Hedingham ilitoka mikononi mwake na kuwekwa chini ya Burghley kwa manufaa ya mabinti. Barua zake za miaka ya 1590 zinaomba, tena na tena, haki juu ya biashara ya bati ya Cornwall na juu ya msitu wa Waltham. Tena, katika utawala wa James, lodi mwingine alipoomba nyongeza, Mfalme alikumbusha kuwa hata Oxford, mali yake ilipokuwa imeharibika kabisa, hakupata zaidi ya pauni elfu moja kwa Malkia marehemu. Maneno hayo yaliandikwa na mtu asiyekuwa na haja ya kuficha wala kusifu chochote, naye aliiona ruzuku kama tiba ya umaskini wa mkubwa.

Kwa hiyo dai la Ward halina msingi katika nyaraka. Si kwamba haliwezekani. Ni kwamba linasimama juu ya ukimya. Ukimya ni kama mtungi mtupu: kila mpita njia hutia maji yake.

6.0 Nyaraka Zinazoshutumu, na Mipaka ya Usomaji wa Nelson

Itakuwa si haki kumkosoa Ward peke yake. Mwezi Desemba 1580 Oxford aliwashtaki mbele ya Malkia wenzake wa zamani, Henry Howard na Charles Arundell, kwamba walikuwa Wakatoliki wa siri. Walipotiwa kizuizini, hao nao walitoa orodha ndefu ya mashtaka dhidi yake: uongo, ulevi, ukafiri, njama za mauaji na mengine. Ward aliyapuuza mashtaka hayo kama uzushi wa wasaliti. Nelson aliyarudisha katika uwanja wa utafiti, na kwa hilo anastahili shukurani.

Hata hivyo, jina alilokipa kitabu chake, Monstrous Adversary, limetoka katika kalamu ya Arundell. Maneno ya mtu aliyekuwa akijitetea dhidi ya tuhuma nzito yamewekwa juu ya jalada na kuutangulia usomaji wa kila hati iliyo ndani. Baadhi ya mashtaka yana nguvu kwa kuwa yanaungwa mkono na nyaraka za aina nyingine. Kwa mfano, mwenendo wake kwa wanawake unathibitishwa na kuzaliwa kwa mtoto wa Anne Vavasour mwezi Machi 1581, tukio lililompeleka Oxford katika gereza la Tower. Mengine yanasimama juu ya neno la Arundell na Howard tu. Kigezo kinachoikataa ndoto ya Ward juu ya pauni 1,000 kinatudai pia tuyapokee mashtaka haya kwa tahadhari ileile.

Athari yake katika uhakiki wa fasihi ni kwamba ufadhili unaonekana kama tanzu ndogo ya ubadhirifu. Ni kweli kwamba fedha zilizowalisha Lyly na Munday zilitoka katika mashamba yaliyouzwa, na huko nyuma katika jasho la wapangaji wasiotajwa katika tabaruku yoyote. Lakini tabia mbaya ya mfadhili haiifuti kazi aliyoiwezesha. Steven May, katika uhariri wake wa 1980, aliyatenga mashairi 16 kuwa ya Oxford bila shaka na 4 kuwa huenda ni yake, akayapima kama mashairi ya mtunzi wa baraza mwenye kipaji cha wastani na ujasiri wa kujaribu. Mwelekeo huo wa kupima kwanza na kuhukumu baadaye ndio unaokosekana katika wasifu zote mbili.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba nyaraka za Lodi wa Oxford zinagawanyika katika makundi yenye uzito tofauti: zinazoomba, zinazolipa, zinazolalamika na zinazoshutumu. Zikipimwa kwa kigezo cha kukutana kwa aina mbili au zaidi, picha inayobaki ni ya mfadhili halisi lakini mwenye mipaka. Ufadhili wake umethibitika kwa nguvu kati ya mwaka 1572 na 1584, na kilele chake ni Blackfriars. Baada ya hapo dalili zinapungua, ingawa hazikatiki: mwezi Machi 1602 Baraza la Faragha liliyaruhusu makundi ya waigizaji wa Oxford na Worcester, yaliyoungana, kucheza katika Boar's Head. Mfadhili huyu ni mdogo kuliko yule wa Ward, na ni mkubwa kuliko yule anayebaki mkononi baada ya kumsoma Nelson.

Kwa watafiti wa fasihi kwa Kiswahili, ambao mara nyingi hushughulika na watunzi na wafadhili walioacha karatasi chache kuliko Oxford, matokeo haya yana maana ya kimbinu. Wingi wa nyaraka haukumwokoa Oxford na dhana, kwa hiyo uchache wake hauwezi kuwa kisingizio cha dhana. Inapendekezwa kuwa mtafiti ajiulize juu ya kila hati: nani aliiandika, alimwandikia nani, na alitaka nini. Hati isiyoweza kujibu maswali hayo itajwe, lakini isibebeshwe hoja.